Kununua spea za elektroniki Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Malindi na jirani zake, Watamu, Gede, Mambrui mpaka Lamu, wanaotafuta spea ndogondogo za elektroniki: mwenye feni iliyolegea, fundi anayeanza, mwanafunzi mwenye mradi wa shule, mwenye nyumba ya wageni aliyeamka akakuta TV tatu hazina uhai. Tunajibu kama mafundi, hatuuzi spea. Ukiona jibu lina ukali kidogo, jua swali hilo tumeulizwa mpaka tumechoka.

Malindi kuna duka la spea, au lazima niende Mombasa?

Yapo, ila usitarajie mtaa mzima. Nairobi wana Luthuli Avenue, ambako unaweza kuingia maduka kumi ya mfululizo na yote yakawa ya redio, spika na spea. Malindi mambo yametawanyika. Duka la hadiwea litakuuzia waya, soketi, swichi na balbu. Ukiuliza transista watakuangalia kama umeuliza mayai. Spea zenyewe ziko kwa wauzaji wa redio na vifaa vya TV, wale wenye droo za plastiki nyuma ya kaunta, na kwa mafundi, ambao hununua kwa pakiti na kukuuzia moja moja.

Kuna na mlango wa tatu ambao wengi huuona wa aibu: bodi za skrapu. Bodi ya TV iliyovunjika kioo mara nyingi ni nzima kabisa, na juu yake kuna transfoma, transista, daiodi na soketi ambazo hakuna duka la Malindi linaziweka. Kapasita za zamani tu ndizo zisizofaa kung'oa na kutumia tena.

Za kila siku utazipata hapa hapa: fyuzi, daiodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), kapasita (huhifadhi umeme kidogo) za pawa saplai, sehemu inayoandaa umeme wa kifaa, regyuleta 7805 (hutoa volti 5), straipu za taa za TV, kapasita za feni. Aisi (chipu, IC) za amplifaya, mara upate mara ukose. Kitu cha ajabu zaidi ya hapo, piga simu Mombasa kabla hujapanda matatu. Ni kilomita kama 120 kwenda, na hakuna uchungu kama wa kufika na kuambiwa iliisha jana.

Nije na nini dukani?

Njoo na ile mbovu yenyewe. Mazungumzo yafuatayo hutokea kila siku kwenye kaunta:

"Ami, una kapasita ya TV?"

"TV gani, mwanangu? Ya volti ngapi?"

"Sijui. Ile nyeusi, imevimba juu."

"Nenda kaing'oe uje nayo."

Na kijana anarudi Maweni na jua lote lile. Muuzaji hakukusudia ubaya. Kapasita nyeusi iliyovimba inaweza kuwa ya aina mia moja, na akikupa ya kubahatisha ikalipuka, lawama ni zake.

Kabla hujang'oa chochote, piga picha bodi pande zote mbili, karibu, kwenye mwanga wa mchana. Picha itakuonyesha upande wa hasi wa kapasita ulikotazama na mstari wa daiodi ulikuwa wapi. Namba iliyoandikwa kwenye bodi pembeni ya spea, kama C12 au R305, si thamani yake. Ni anwani tu. Tunaona watu wakitafuta "kapasita ya C12" mji mzima.

Ikiwa spea imeungua mpaka maandishi yamepotea, lete bodi nzima. Kwenye amplifaya ya stirio kuna ujanja mzuri: upande wa kushoto na wa kulia hutengenezwa sawa. Spea ya kulia ikiwa majivu, pacha wake wa kushoto atakuambia namba. Tazama pia rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) na daiodi zilizopangwa safu. Mara nyingi zote ni za aina moja.

Rizista haina namba, ina rangi. Nitaisomaje?

Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kwenye rizista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sufuri, wa mwisho ni kiasi inachoweza kukosea: dhahabu asilimia 5, fedha asilimia 10. Njano, zambarau, nyekundu, dhahabu: 4, 7, sufuri mbili, yaani omu 4,700. Dukani omba 4K7 na utaeleweka.

Tahadhari moja. Rizista iliyopata joto hubadilika rangi. Nyekundu hugeuka kahawia na machungwa huiva mpaka ikafanana na nyekundu. Ile iliyobabuka usiisome kwa macho.

Kapasita ndogo za udongo hutumia mtindo huo huo kwa namba, zikihesabiwa kwa pikofaradi. 104 ni 10 na sufuri nne, sawa na nanofaradi 100. 472 ni nanofaradi 4.7.

Hawana ile kamili. Naweza kuweka nyingine?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo mnunuzi anayejua huokoa safari ya Mombasa.

Kapasita ya elektroliti: volti unaweza kupanda, kushuka hapana. Ilikuwa volti 16, weka 25, haina shida, mradi itoshee na mfuniko ufunge. Maikrofaradi zibaki zile zile au karibu sana. Kisha angalia joto lililoandikwa ubavuni: kuna za digrii 85 na za digrii 105. Kwenye pawa saplai chukua 105 kila mara. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likishuka digrii 10 umri wa kapasita huongezeka maradufu, kwa hiyo kapasita ya saa 2,000 kwenye digrii 105 itakwenda kama saa 8,000 ikifanya kazi kwenye 85. Kwa TV iliyotundikwa ukutani, chumba hakina AC, mwezi wa Februari, tofauti hiyo utaiona.

Daiodi: 1N4007 inavumilia volti 1,000 na inaingia popote palipokuwa na 1N4001 hadi 1N4006. Ndiyo maana maduka mengi hayana haja ya hizo nyingine. Lakini isiingie upande wa pili wa transfoma ndogo ya pawa saplai za kisasa. Pale umeme unakatwa na kuwashwa maelfu ya mara kwa sekunde, na daiodi ya kawaida haiwahi kufunga. Inachemka na kufa. Pale panataka daiodi ya kasi, kama UF4007, au ya aina ya Schottky, nayo ya kasi. Muuzaji akikuambia "zote ni daiodi tu", mshukuru na utoke.

Transista: kwanza ujue ni NPN au PNP, aina mbili ambazo umeme wake hupita kinyume, kisha volti, ampea na wati zake, kisha miguu. Miguu ndiyo mtego. Ukishika BC547 uso bapa ukikutazama na miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ukiishika vivyo hivyo ni emita, besi, kolekta. Zinafanana kama mapacha na zinaweza kubadilishana kazi, ila lazima uigeuze. Mtego huo huo uko kwa regyuleta: 7805 mguu wa kati ni hasi, 7905 mguu wa kati ndio umeme unakoingilia.

Fyuzi: ampea zile zile, basi. Angalia pia herufi. T ni ya polepole, inavumilia mshtuko wa kuwasha. F ni ya haraka. Ukiweka F mahali pa T itakatika kila unapowasha, na utadhani chombo kina hitilafu. Na yule anayeweka waya wa shaba badala ya fyuzi, tafadhali asituletee kifaa chake baadaye akasema kimeharibika chenyewe.

Feni ya dari inazunguka polepole, mpaka niisukume kwa fimbo. Ni mota?

Karibu kila mara ni kapasita. Hili ndilo swali letu namba moja tangu kaskazi inapoanza mpaka mvua za Aprili, na kila mwaka kuna watu wananunua feni nzima.

Feni ya dari ina kapasita ndogo, kawaida ni kijisanduku cheusi cha plastiki chenye waya mbili, ndani ya kikombe kinachoziba shina juu au kwenye boksi la mota. Ubavuni imeandikwa maikrofaradi, mara nyingi 2.5, na volti, mara nyingi 450. Kazi yake ni kuupa waya wa pili wa mota umeme uliopishana kidogo na ule wa kwanza, ndipo mota ijue pa kuelekea na ipate nguvu. Kwa miaka, utando wa chuma ndani yake huliwa kidogo kidogo na maikrofaradi hushuka. Ikifika nusu, feni inajikokota. Ikishuka zaidi, haianzi bila kusukumwa.

Zima umeme kwenye swichi kuu. Swichi ya ukutani haitoshi, maana nyumba nyingi za mji wa kale na hata mpya zimeungwa ovyo na swichi inakata waya usiofaa. Kisha kata au fungua waya mbili za kapasita, zigusanishe ili umeme uliobaki utoke, na uipime kwa mita yenye sehemu ya kapasita. Imeandikwa 2.5 na inasoma 1.3? Umepata ugonjwa.

Ukinunua mpya, maikrofaradi ziwe zile zile. Kuna wanaoweka 3.5 au 4 mahali pa 2.5 ili feni "ikimbie". Itakimbia kidogo, na waya za mota zitachemka. Kisha angalia kama volti zimefuatwa na alama ya umeme wa nyumbani, AC. Kapasita ya elektroliti ya volti 450 uliyoipata kwenye pawa saplai haiingii hapa kwa hali yoyote. Itapasuka.

Kama umeweka mpya na feni bado nzito, zungusha kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Ikikwaruza, ni bearingi. Hiyo nayo ina namba ubavuni na huuzwa na wauza spea za pikipiki.

Stima ilipotea, iliporudi TV haikuwaka. Nianzie wapi?

Anzia kwenye fyuzi ya ndani, na isome vizuri kabla hujaitupa. Ikiwa kioo ni safi na uzi umekatika kimyakimya, huenda fyuzi ilichoka tu. Ikiwa kioo kimekuwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha, umeme ulipita kwa nguvu nyingi, na mbele yake kuna kitu kimeshikana, yaani kimepiga shoti. Kuweka fyuzi mpya bila kukitafuta ni kuchoma fyuzi ya pili.

Cha kwanza kutafuta ni varista, kile kisahani cha buluu au cha machungwa karibu na fyuzi, kilichoandikwa kitu kama 14D471K. 14 ni upana wake kwa milimita. 471 ni volti 470, ambapo huanza kuupitisha umeme uliozidi ili usiingie ndani. Umeme ukizidi mno, varista hushikana, fyuzi hukatika, na bodi hunusurika. Ikipasuka, imefanya kazi iliyowekewa. Mafundi wengine huing'oa na kuacha pengo, na TV inawaka bila tatizo, mpaka stima irudi kwa kishindo mara nyingine. Dai yako iwekwe mpya. Ni spea ya bei ndogo kuliko soda.

Baada ya hapo pima daiodi nne za mwanzo na transista kubwa iliyokaa kwenye chuma cha kupoza. Kabla ya kuwasha, unganisha balbu ya zamani ya uzi, wati 60 au 100, kwa mfululizo na waya wa laini, yaani ule wenye umeme (laivu). Ikiwaka sana na kubaki hivyo, bado kuna kilichoshikana. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Balbu ya LED haifanyi kazi hii.

Na mkono usiingie humo mara tu ukichomoa plagi. Kapasita kubwa ya pawa saplai hukaa na volti kama 340 za DC, hesabu ya 240 mara 1.41, na huweza kuzishika kwa dakika nyingi. Itoe umeme kwa balbu ile ile ya uzi, uipime kwa mita, ndipo uguse. Bisibisi hutoa cheche nzuri na huharibu bodi.

TV ina sauti lakini picha giza.

Mulika kioo kwa tochi, karibu, chumba kikiwa giza. Ukiona picha hafifu inatembea, taa za nyuma ndizo zimekufa. Straipu zake zinauzwa, lakini jina la TV halitoshi. Kampuni moja hutumia straipu tofauti kwenye modeli moja. Fungua, soma namba iliyochapwa kwenye straipu, hesabu LED, pima urefu, na ujue kama LED ni za volti 3 au 6. Badilisha seti yote. Ukiweka moja mpya kati ya kuukuu, picha itakuwa na doa jeupe na kuukuu zitafuata kufa. Mwambie fundi apunguze mwanga kwenye menyu. Straipu hufa kwa joto.

Nitatambuaje spea feki?

Feki kwenye biashara hii si za aina moja. Kuna spea nzima zilizong'olewa kwenye bodi kuukuu, zikasafishwa miguu na kuuzwa kama mpya. Kuna za bei rahisi zilizofutwa namba na kuandikwa namba ya ghali. Na kuna makopo yasiyo na kitu.

Kapasita ndiyo rahisi kuikamata. Maikrofaradi 10,000 kwa volti 63 ni kopo nene la kujaza kiganja. Ukiuzwa yenye ukubwa wa kidole, rudisha. Wengine wana ujanja zaidi: kopo ni kubwa, ndani wameweka kapasita ndogo. Ipime uzito mkononi pembeni ya nyingine ya ukubwa ule ule, kisha omba muuzaji aipime kwa mita. Duka zuri halikatai.

Transista za nguvu za amplifaya, hasa 2N3055 na zile za Toshiba, ndizo zinazoigwa kuliko zote. Maandishi ya asili mara nyingi huchomwa kwa leza na hayasuguliki. Sugua kwa pamba yenye asetoni, ile ya kuondoa rangi ya kucha. Ikitoka nyeusi na chini yake pakaonekana namba nyingine au mikwaruzo ya msasa, umejibiwa. Angalia pia miguu: mpya ni mirefu na sawa, iliyong'olewa ina solda au imekatwa.

Waya wa spika ni janga jingine. Mwingi unaong'aa rangi ya shaba ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ndiyo hiyo. Ni mwepesi mkononi, hukatika ukiukunja mara chache, na hewa ya hapa huugeuza unga kwenye maungio. Ukiupenda kwa bei yake, nunua mnene zaidi, na ujue umenunua nini.

Kenya ina sheria ya bidhaa bandia tangu 2008 na ya kulinda watumiaji tangu 2012, lakini kwa transista ya shilingi mia sijamwona mtu akienda kokote. Ulinzi wako ni kupima kabla ya kulipa.

Wanarudisha pesa spea ikikataa?

Ikishachomwa solda, hairudi, na duka lina haki: huenda ni wewe uliyeiua. Kwa hiyo pimiwa hapo hapo, omba risiti hata ya kuandikwa kwa mkono yenye namba ya spea, na kwa aisi ya ghali ulizia mapema kama ukiirudisha bila kuichoma watabadilisha. Kupatana bei kupo, lakini kwa spea ya shilingi ishirini usimchoshe mzee wa watu. Patana ukinunua pakiti. Ukichukua daiodi mia utapewa bei nyingine kabisa, na fundi anayeanza afanye hivyo kwa zile anazotumia kila wiki.

Kwa nini vifaa hapa vinaharibika haraka kuliko bara?

Chumvi. Upepo wa kusi hutoka baharini moja kwa moja, na nyumba iliyo ufukweni Mayungu au Watamu huletewa unga wa chumvi usioonekana mpaka ndani ya TV. Chumvi huvuta unyevu, unyevu huungana na umeme, na njia za shaba kwenye bodi hugeuka kijani na kukatika. Mara nyingi tatizo si spea yoyote. Ni kutu ya kijani kati ya miguu miwili.

Safisha kwa isopropili na mswaki laini, uache ikauke kabisa. Dawa za mafuta za kulegeza nati zisitumike. Zinaacha utando unaokusanya vumbi. Bodi inayokaa nje, kama ya geti, pampu au kontrola ya sola, ipakwe vanishi ya akriliki ya bodi baada ya kusafishwa, ukiziba kwanza soketi na swichi kwa tepu.

Unaponunua, hili libadilishe uchaguzi wako. Rilei iliyozibwa badala ya ya wazi. Waya uliopakwa bati kwa kazi za mashua. Boksi la plastiki lenye ulinzi wa IP65 (haliingizi vumbi wala maji ya kurushiwa), skrubu za chuma kisichoshika kutu. Na tazama miguu ya spea dukani: ikiwa imefifia na kuwa ya kijivu, imekaa sana, solda haitashika mpaka uikwaruze. Za nyumbani zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Nina mashine ya kahawa iliyoletwa kutoka Italia. Inahitaji transfoma?

Hapana. Italia ni volti 230 na hezi 50, sisi 240 na hezi 50. Badilisha plagi tu, ile ya vijiti vitatu mstari mmoja kwenda ya kwetu ya vijiti bapa, na uweke fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi ikiwa mashine ina hita kubwa. Waya wa njano na kijani ni wa ardhi, usiuache ukining'inia. Malindi kuna mafundi waliolelewa na mashine hizi na wanajua spea zake kwa Kiitaliano. Chombo kilicholetwa kutoka Marekani ndicho cha kuhofia: kikiandikwa 120 pekee, kitaungua.

Mtoto ana mradi wa Arduino. Tununue wapi?

Nairobi, kwa simu, na utumiwe kwa basi. Madukani Malindi ni bahati. Arduino ni bodi ndogo ya kujifunzia kuprogramu, na nyingi zinazouzwa ni nakala, na hilo si uharamia: mchoro wa Arduino, iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, uliachwa wazi kwa yeyote kutengeneza, mradi asitumie jina na nembo yao. Nakala nyingi zina chipu ya CH340 ya kuzungumza na kompyuta, kwa hiyo kompyuta ya shule ikikataa kuiona, weka kwanza dereva yake, programu ya kuitambua. Bodi za ESP32, za kuprogramu vilevile, hufanya kazi kwa volti 3.3, kipima umbali cha HC-SR04 hurudisha volti 5, na ukikiunga moja kwa moja utaiumiza pini. Rizista mbili za kugawanya volti zinatosha, na hizo zipo hapa Malindi.

Mwalimu akitaka kuwatia moyo, awapeleke macho Ngomeni. Kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco, baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei angani.

Ninunue vifaa gani vya kuanzia?

Mita inayopima kapasita, chuma cha solda cha wati 40 au 60, solda ya bati na risasi 60/40 (ile isiyo na risasi inataka joto zaidi na itamsumbua anayeanza), flaksi ya kusaidia solda ishike, pampu ya kunyonya solda. Pesa zako nyingi ziweke kwenye mita. Kazi ya risasi ifanyike penye hewa, na unawe mikono kabla ya kula.

Kuagiza China kunalipa?

Kwa spea moja ya TV yako, hapana, labda uwe na subira ya wiki kadhaa. Kwa fundi anayetaka pakiti za aina nyingi, ndiyo. Hesabu usafiri na VAT ya asilimia 16 kabla ya kufurahia bei. Betri za lithiamu ndege hazizipokei ovyo ovyo, kwa hiyo hizo tafuta zilizokwisha ingia nchini.

Niko Lamu. Nitaletewaje?

Basi mpaka Mokowe, kisha boti. Duka likufungie spea kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa kwa moto au tepu, kisha ndani ya boksi gumu. Katoni peke yake ikirushiwa maji ya bahari kwenye boti huwa uji. Straipu za TV zifungwe kwenye kipande cha bomba la PVC, maana zikikunjwa tu LED zinaachia. Mwambie muuzaji akutumie picha ya spea yenyewe, namba ikionekana, kabla hujatuma M-Pesa, na akutumie namba ya gari likishatoka. Juu ya boksi iandikwe namba yako ya simu kwa kalamu isiyofutika, pande mbili.